Mume wangu ameacha dawa za presha eti kwa ajili yangu

Admin, jina langu lifiche, mengine yaache kama yalivyo. Nimechoka kuyabeba peke yangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 25, niliishia kidato cha nne, tunaishi Ilemela. Nimeolewa mwaka huu na mwanaume ninayempenda mpaka naona aibu kusema. Ana miaka 41, anauza dagaa soko la samaki la Mwaloni. Kila akirudi, hata viatu hajavua, ananiita kwa jina la samaki, "Sato wangu uko wapi?" Jamani, hata niwe na hasira vipi, zinaishia hapo hapo.

Jumapili moja tunakula mchana, tonge likamdondoka. Akaliokota, likadondoka tena. Nikacheka, nikijua ni utani wake. Akataka kuniita, ikatoka "Tha... tha..." Kumtazama, mdomo umeenda upande mmoja, mate yanamtoka.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Akasema, "Huo ni upepo mbaya, kuna watu harusi yenu iliwauma. Leta mafuta nimchue." Tukiwa tunabishana, mdomo ukarudi, mkono ukapata nguvu. Mume wangu akacheka: "Mmeona? Nimepona. Sato wangu, niongezee mchuzi."

Sikuongeza mchuzi, niliita bajaji. Hospitali wakakuta presha iko juu mno. Daktari, dada wa makamo, akasema ile ilikuwa dalili ya kiharusi na ikirudi huenda isiondoke. "Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama, mleteni hapo hapo, hata kama imepita." Kisha akamgeukia: "Dawa zako unameza?"

Ikabidi aseme ukweli. Kumbe ana presha tangu zamani, na dawa aliziacha wiki ya harusi!

Nyumbani nikambana. Akainama. "Jamaa wa Mwaloni walinicheka. Wanasema zile dawa zinamaliza nguvu za kiume, nina mke mbichi, atanikimbia."

"Nani kakwambia nitakimbia?"

"Wewe bado binti. Niache nilinde heshima ya ndoa."

Heshima! Nikamkumbusha daktari alisema dawa ikimsumbua arudi abadilishiwe, asiache mwenyewe. Akajibu, "Mambo ya chumbani nikamweleze yule dada?" Nikipunguza chumvi analalamika: "Mboga gani hii, umeshanichoka?" Nikimpa kidonge ananibusu shavuni, anaenda nacho eti kutafuta maji. Jana nafua suruali yake, nikakuta vidonge mfukoni, vimelowa vimekuwa uji. Nikakaa pale pale kwenye beseni nikalia. Mama mkwe kwenye simu ananiambia, "Mwanangu mzima, usimfanye mgonjwa."

Kaka zangu mnaosoma hapa, hasa mnaomeza dawa za presha na ndoa zenu zina raha, semeni naye, maana ukurasa huu anausoma. Mimi heshima ninayoitaka ni moja tu: aingie mlangoni aniite Sato wangu, na neno litoke lote.

Huyu mwanaume nimfanyeje?