Gia ya Baba na Kiwanda Kilichorudi Serikalini

Serikali ilipotangaza kumnyang'anya mwekezaji kile kiwanda cha blanketi kilichomshinda, shemeji yangu, mwalimu wa sekondari, alikuja dukani kwangu Lemara amechangamka kama anayekwenda kuposa.

"Shem, nilikwambia. Ubepari unakata roho. Wameshindwa wenyewe, wanarudisha."

Nikamwambia aache hizo. Mimi kwa maneno sina breki. Ng'ombe alipokuwa na maziwa mwenye pesa alipewa kwa bei ya kutupa, akakamua mpaka damu, akaenda zake. Leo imebaki mifupa ndiyo tunaambiwa ng'ombe ni wetu sote. Huko ndiko kufa? Mbona yeye ananenepa? Shemeji akacheka, akasema nina roho ya duka. Alipoondoka nikapanga sabuni rafuni, nikazipangua, nikazipanga tena. Aliyekuwa ananikosesha raha ni baba.

Baba alikuwa fundi mitambo pale tangu ujana wake. Siku mwekezaji alipofunga lango, alitoka na gia moja ya mtambo wa kufuma, ndogo ya kuenea kiganjani, ameizika kwenye hotipoti ya makande. Bila ile gia, alisema, mtambo hauna mnunuzi, na kiwanda kikifunguliwa itabidi wamtafute yeye. Kila Jumapili akitoka ibadani, nyumbani huko mlimani kwenye migomba yetu, aliifungua kitambaa, akaipaka mafuta, akaifunga tena. Mama alikufa akiiita mke mwenzake.

Wiki chache baada ya tangazo, mama mmoja wa kamati ya serikali ya kukagua kiwanda alikuja dukani. Alisikia mimi ni binti wa fundi. Mitambo karibu yote ina mapengo, akasema, je, wazee wa zamani hawana vipuri nyumbani? Aliuliza kwa upole kabisa. Mimi nikaona pingu mikononi mwa baba.

"Baba yangu si mwizi," nikamjibu. "Hana kitu. Na wenzake hawana."

Akaandika, akanywa soda yake, akashukuru. Nilijiona nimefanya la maana.

Mwezi uliofuata wafanyakazi wa zamani wakaitwa kiwandani kusikiliza taarifa. Nilimpeleka baba. Alivaa ovaroli iliyopigwa pasi, kikapu mkononi, na njia nzima alinieleza mtambo utakavyonguruma ukiwashwa. Langoni tulikuta wazee kama ishirini, huyu na mfuko, yule na kitu kimefungwa kwenye shuka. Baba alipofunua kikapu, nao wakafunua. Beringi, minyororo, gia, vyote vinang'aa mafuta. Kumbe kila mmoja alitoa chake kwa siri, akidhani ni yeye peke yake aliyekiokoa kiwanda. Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Yule mama akatoka, akawaamkia shikamoo, akasoma karatasi. Serikali imechukua ardhi na majengo, yatakuwa maghala. Mitambo, kwa kukosa vipuri, imeonekana haifai, imeuzwa chuma chakavu. Imebebwa Alhamisi.

Mzee mmoja akainua beringi yake juu. "Lakini vipuri tunavyo sisi."

"Tuliuliza, wazee wangu," akasema yule mama. "Tukaambiwa havipo." Alinitazama mara moja tu, akakunja karatasi.

Baba hakufoka. Aliomba aingie aone, wakamruhusu, nikamfuata. Sakafuni palibaki madoa ya mafuta na matundu ya bolti. Alihesabu matundu kwa mguu, akafika pale mtambo wake ulipokuwa, akasimama na gia mkononi. Nilitaka kukimbia, na sikuwa na pa kukimbilia.

Shemeji bado anasema ubepari unakufa. Simbishii tena, na yeye anadhani amenishinda.

Siku ile tukirudi, tulipofika Kimandolu baba akaniuliza, "Mwanangu, ni nani huyo aliyeulizwa akasema havipo? Si angetutaja tu. Hata tungefungwa, mtambo ungekuwepo."

Nikamwambia simjui.

Jumapili iliyofuata alinipigia simu, mafuta ya gia yamemwishia. Nilimpelekea chupa mbili.