Tangi Lililojaa Mezani kwa Shangazi

Nilikuwa Kibiti, mezani kwa shangazi, nikijaribu kisanduku cha kuwasha na kuzima pampu ya maji ya kijiji cha Mbuchi. Pampu haikuwepo, wala tangi. Swichi ndogo ndiyo iliyoshika nafasi ya boya linalopima maji tangini. Kioo kidogo cha kuonyesha maandishi kikaandika, "Tangi limejaa." Nikazima swichi, bado limejaa. Nikaichomoa kabisa, limejaa.

"Limejaa wapi, mwanangu?" shangazi aliuliza, ndoo mkononi.

 Nilipitia mara tatu programu niliyoiandikia kisanduku, nikaanza kujishuku mwenyewe. Kumbe waya wa kutoka kwenye kisanduku kwenda kwenye kioo ulikuwa umelegea, na kioo kimeganda na habari za zamani. Nilipoukaza, kikaandika, "Tangi tupu."

Nikapiga kelele za furaha. Shangazi alinitazama tu, asielewe tangi tupu linafurahishaje.