Mgongo Uliotundikwa Dirishani

Nilifika Songea baada ya siku mbili za mabasi kutoka Tanga, baridi ya Njombe ingali mifupani. Asubuhi yake nikaripoti hospitali, chumba cha eksirei. Kazi yangu ilikuwa kuosha picha gizani: filamu inazamishwa kwenye dawa, inasuuzwa, inaanikwa kama nguo. Msimamizi alinipa kanuni moja.

“Bwana mdogo, picha haina mdomo. Na wewe wako ufunge. Atasema daktari.”

Niliishika miaka minne. Nilipanga chumba mtaa wa Bombambili, bila ndugu, na kutwa nilishinda na mifupa ya watu nisiowajua.

Ndipo akaja mzee Gaspari, mpakiaji wa magunia. Wafanyabiashara binafsi walikuwa wameanza kununua mahindi, na wapakiaji walilipwa kwa gunia, si kwa mwezi tena. Kiuno kilimuuma tangu masika. Siku alipopigwa picha, daktari alikuwa safarini Namtumbo.

“Mwanangu, nisomee wewe.”

Muda mrefu sikuwa nimeitwa mwanangu. Nikainua filamu kwenye mwanga. Kati ya pingili na pingili ya mgongo hukaa kisahani laini, kama mto. Kwake, nafasi mbili za chini zilikuwa zimebana.

“Visahani vimekwisha, mzee. Ukibeba tena, mgongo utakatika.”

Hakumngoja daktari. Alirudi nyumbani akalala kitandani asiinuke, picha akaitundika dirishani, kila mgeni akaonyeshwa. Baada ya miezi mitatu mkewe alinikabili sokoni. “Ndiwe uliyemlaza mume wangu? Hata chooni anashikwa mkono!”

Wiki hiyo fundi alitengeneza mashine, ukatakiwa mgongo wa kujaribia. Nikalala mimi. Filamu ilipotoka kwenye dawa nikaona nafasi tatu zimebana, mbaya kuliko za Gaspari. Nami nilipiga baiskeli kila siku bila kuumwa.

“Nimeona wengi,” msimamizi alisema. “Picha mbovu, mtu hana neno. Picha safi, mtu analia. Kuchakaa huja kama mvi; maumivu yana njia zake. Nenda ukamwambie. Mdomo ulishaufungua.”

Nilimwamkia Gaspari kitandani, nikatundika picha yangu kando ya yake.

“Huyu marehemu ni nani?”

“Ni mimi, mzee.”

Aliitazama baiskeli yangu mlangoni, kisha mimi. “Miezi mitatu, mtoto wa watu! Miezi mitatu!” Akanyoosha mkono. “Haya, niinue.”

Tulitembea hadi bombani na kurudi, akilaani kila hatua. Kesho yake tukapita bomba. Jioni hizo ndizo pekee nilizokuwa na mtu.

Miguu yangu haijui kutulia, nikaomba kuacha kazi. Tangu hapo nimeosha picha miji mingi, na ninyi mnaoanza kazi hii nawaachia kanuni ileile ya msimamizi.

Siku ya kuondoka Gaspari alinisindikiza stendi, akaninyang'anya begi.

“Kiuno bado kinauma, mzee?”

“Kinauma,” alisema, akilipandisha begani. “Lakini sasa kinauma nikiwa njiani, si kitandani.”

Picha yangu niliiacha dirishani kwake.