Ndege ya Lemara na Injini Yake ya Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda kuziba jiko. Mama alinituma kwa Mzee Kaaya, nyumba ya tatu kutoka kwetu hapa Lemara, nikiwa nimebeba jiko la mkaa lililotoboka tumbo na agizo kwamba nisiongee sana.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Weka hapo."

Nikaweka. Mezani kwake palikuwa na vitu viwili vya kung'aa, kila kimoja kama termosi ya mtu mmoja.

"Babu, na hizi termosi zimetoboka?"

Aliinua kichwa polepole, kama mtu anayehesabu mpaka kumi. "Hizo ni injini za jeti. Ukizigusa, nitakuziba wewe badala ya jiko."

Nilizigusa. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Nayaandika haya kwa ajili yenu wa kidato cha kwanza na cha pili, mnaonisimamisha koridoni kuniuliza kama ni kweli kuna ndege ya vita Lemara. Ni kweli. Nimestaafu mwaka huu nikiwa na miaka kumi na saba, baada ya utumishi wa miaka miwili uliotukuka kiasi. Kwa hiyo kaeni vizuri, acheni kutafuna miwa, bibi yenu anaongea.

Mzee Kaaya, ambaye kazini tulimwita Mkuu wa Karakana (tulimwita, maana yake mimi), alikuwa fundi wa ndege za kweli tangu ujana wake. Kisha yakaja mambo ya soko huria, shirika lake likauzwa, na yeye akapunguzwa pamoja na wenzake. Akarudi Arusha na sanduku la spana. Zile injini mbili na rimoti ya kurushia ndege ndogo aliachiwa na rubani mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Alikaa nazo kabatini muda mrefu, mpaka daktari wa macho alipomwambia ana presha ya macho, na kwamba kinachopotea hakirudi. Alikuwa bado anaona vizuri vya mezani, kwa lenzi. Vya mbali vilikuwa vimeanza kuingia ukungu. Akaamua kujenga ndege moja, yenye injini zote mbili, na kuiona inaruka kabla taa haijazimika. Ndiyo ilikuwa kazi yetu, wala hatukuwa na nyingine, ukiacha majiko.

Mkuu wa Usalama alikuwa mkewe, ambaye mimi namwita Bibi. Mamlaka yake yalianzia mlango wa jikoni.

"Ndege ya vita," alisema siku aliyoona mchoro. "Mnakwenda kupigana na nani?"

"Na kunguru, Bibi," nikamjibu.

"Basi anzeni na wale wanaokula vifaranga vyangu. Na mafuta ya taa yasivuke hapa."

Kabla sijapewa msasa wala gundi, Mkuu alinipa daftari kubwa lenye jalada gumu. Hiki, alisema, ni kitabu cha ndege. Kila ndege duniani ina chake. Kila kinachofungwa, kinachofunguliwa na kinachoharibika huandikwa humo, na aliyefanya anatia sahihi.

"Hapa hatusemi samahani," akaniambia. "Tunaandika. Na hakuna kufuta. Ukitaka kusahihisha, piga mstari mmoja juu yake, ili atakayekuja aone kilichokuwa chini."

"Na nisipokosea?"

"Basi hukufanya kazi."

Ukurasa wa kwanza wa kitabu kile, mstari wa kwanza, mpaka leo unasomeka: *Nimegusa injini. Manka.*

Cheo changu cha kwanza kilikuwa Afisa Maboksi. Miaka ile kila mwenye duka mjini alikuwa anauza televisheni, na kila televisheni ilikuja imefungwa kwa povu lile jeupe linalolia ukilikwaruza. Watu walibeba televisheni, mimi nikabeba takataka. Tuliunganisha vipande kwa gundi ya mbao, Mkuu akavichonga kwa waya uliopashwa moto, na povu la televisheni za watu likawa kiwiliwili chenye pua ndefu, matundu mawili ya kuvutia hewa na mikia miwili iliyosimama. Mama yangu alipoiona alisema inafanana na kambale mwenye hasira. Niliandika kitabuni, sehemu ya maoni. Mkuu akapiga mstari mmoja.

Nikapandishwa kuwa Afisa Msasa. Juu ya povu tulitandaza faiba, kile kitambaa cha nyuzi za kioo ambacho mafundi wa magari ya utalii hutengenezea mapaa, tukakipaka resini, ile gundi ya majimaji. Ikikauka inakuwa ngumu kama mkate wa hosteli. Kisha unapiga msasa. Unapiga msasa wiki nzima, Mkuu anapitisha kidole, anasema, "Bado." Macho yalikuwa yanamwacha lakini kile kidole kilikuwa kinaona mpaka dhambi. Nyuzi zile zinawasha vibaya sana. Nilijikuna ibada nzima, mchungaji akadhani nimeguswa.

Injini zenyewe, kwa wale watakaojifanya wanajua: mbele kuna feni inayovuta hewa na kuikandamiza, katikati kuna chumba cha moto, nyuma kuna gurudumu la turbini ambalo moto ukitoka unalizungusha, nalo linaizungusha ile feni ya mbele, basi zinalishana hivyo hivyo. Unaiwasha kwa gesi ya mtungi, ikishika kasi unaihamishia mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo. Na kwa sababu hewa ya Arusha ni nyepesi, tuko juu, ndege inahitaji njia ndefu kuliko ingekuwa Tanga. Kelele yake siwaelezi. Siku ya kwanza tulipowasha moja uani, kuku wa Bibi waligoma kutaga.

Adui mkubwa wa injini hizo ni uchafu. Bomba la mafuta ni jembamba kama mrija wa juisi, na kichungi chake ni kidogo kama punje ya mahindi. Kwa hiyo kila tone la mafuta lilichujwa kwanza kwa ngozi laini, kipande cha ngozi ya kondoo kinachopitisha mafuta na kuzuia maji na vumbi. Mkuu alikuwa nacho tangu enzi za ndege kubwa. Nilipopanda cheo kuwa Afisa Mafuta alinikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto.

Sasa vijana, hapa ndipo bibi yenu alipoharibu.

Jumapili moja nilikuwa napata kipaimara. Mama alinishonea gauni jeupe, akaninunulia soksi mpya nyeupe, ndefu, za pamba. Viatu ndivyo vilikataa kung'aa. Nikakumbuka ile ngozi. Nawaambia ukweli, viatu viling'aa mpaka ungeweza kujitazama meno. Ngozi ikawa nyeusi, imejaa rangi ya viatu, na nilipoifua kwa sabuni ikakauka kama chapati ya juzi.

Ijumaa iliyofuata nilitakiwa kuchuja mafuta ya safari ya kwanza. Kumwambia Mkuu nikaona aibu. Nikachuja kwa soksi moja ya kipaimara. Ilikuwa mpya, nilijiambia, na imebarikiwa. Nikaificha kwenye kopo chini ya meza.

Jumamosi asubuhi tulipakia ndege kwenye pikapu ya kukodi iliyotoka kushusha mbuzi, tukaenda kwenye shamba la zamani la kahawa chini ya Meru, ambako kuna njia ya murram iliyokuwa ya ndege ya kunyunyizia dawa. Mlima ulikuwa wazi, hauna hata kilemba cha wingu. Mkuu alichomeka ufito mwisho wa njia, akafunga mfuko wa nailoni kuonyesha upepo. Wachungaji wawili wa Kimasai walisimamisha ng'ombe wao watutazame.

Siku hiyo nilipewa cheo cha juu kuliko vyote. Rimoti ilikuwa mikononi mwa Mkuu, lakini ndege ikishafika mbali yeye asingeiona vizuri. Mimi nilisimama begani kwake niwe macho.

Ilikimbia, ikakimbia, nikadhani inakwenda Moshi kwa miguu. Kisha vumbi likaachana na magurudumu.

"Imeinuka, Mkuu!"

"Naiona," akasema. "Hii naiona." Sauti yake ilikuwa ndogo. Ikapita mbele yetu na injini zake mbili, kivuli chake kikaruka juu ya ng'ombe, ikaenda upande wa mlima. "Sasa sioni. Sema."

"Iko sawa. Geuza kulia. Bawa la kulia limelala, taratibu. Hapo hapo."

Ilikuwa inarudi mara ya pili tuliposikia sauti inapungua nusu. Nyuma ya injini ya kushoto kukatoka moshi mweupe.

"Imekata! Mkuu, imekata!"

"Ipi?"

"Kushoto! Mungu wangu, kushoto!"

"Usiniitie Mungu, niitie bawa."

Nikamwitia bawa. Aliishusha kwa injini moja, kwa maneno yangu na vidole vyake, ikagonga murram, ikavunja gurudumu la mbele na kulala kifudifudi. Wale wachungaji walipiga makofi. Mmoja aliuliza kama ndivyo inavyotakiwa kutua.

Mkuu hakucheka. Alikuwa anapapasa rimoti. Swichi ya kuzimia injini ya kushoto ilikuwa chini.

"Ni mimi," alisema.

"Umeizima baada ya mimi kupiga kelele, Mkuu. Si ndiyo utaratibu?"

"Sikumbuki kama ni baada au kabla." Akairudia swichi kwa kidole gumba, juu, chini. "Macho yamekwenda. Sasa na vidole vinanisahau."

Tulirudi Lemara. Karakanani alifungua kitabu, akaandika kwa herufi kubwa zilizopanda mlima: *Kosa la rubani. Macho. Kaaya.* Kisha akafunika spana zake kwa gunia. Mwisho wa wiki ijayo, alisema, injini angempa fundi mmoja wa Moshi mwenye macho yake.

Nilijua. Nilijua tangu ule moshi mweupe, lakini nilijipa matumaini kwamba huenda kweli ilikuwa swichi. Jumatatu nilipiga stori za kuchekesha darasani, hazikuchekesha. Jumanne Bibi alinikuta getini.

"Wewe umemfanya nini mzee? Anakaa tu hapo, hata redio hataki. Ametengeneza ndege za watu maisha yake yote, hajawahi kuandika neno lile."

"Neno gani, Bibi?"

"Kosa. Kwa jina lake."

Jumatano nilitoka shule nikaenda moja kwa moja karakanani. Nilifungua kichungi cha kushoto, nikakitikisa kwenye karatasi. Kikatoka kifundo cha nyuzi nyeupe, kidogo kama ukucha wa mtoto. Nikachukua kopo chini ya meza, nikaenda kusimama mbele ya Mkuu na soksi inayonuka mafuta ya taa. Nilikuwa nimeandaa mzaha wa kuanzia. Haukutoka.

Nilimweleza yote, viatu, ngozi, soksi. Alichukua zile nyuzi, akaziviringisha katikati ya vidole, akavipeleka puani.

"Kwa hiyo sikuizima kabla," alisema.

"Hukuizima kabla, Mkuu."

"Vidole vilifanya sawa."

"Vilifanya sawa. Nakuomba sama..."

"Hapa tunafanyaje?"

Nikaleta kitabu. Niliandika: *Nimeng'arisha viatu kwa ngozi ya kuchujia. Nimechuja mafuta kwa soksi. Nimenyamaza siku nne. Manka.* Kisha akaniambia nipige mstari juu ya maneno yake, yeye mistari imeanza kumpinda. Nikapiga mmoja, ulionyooka kuliko wote niliowahi kupiga, yeye akatia sahihi pembeni.

"Siku nne," alisema akinirudishia kalamu. "Injini ingekuwa ya abiria, wangekuwa wamezikwa." Baada ya hapo akaondoa gunia kwenye spana. Nilishushwa cheo, nikarudi msasa wiki tatu. Nilistahili, ingawa wakati ule nililalamika kila siku.

Nimestaafu kwa sababu ya mtihani wa kidato cha nne. Mkuu alisema ndege haina haraka, hesabu ndizo zina haraka. Watu huuliza kazi imenifundisha nini. Imenifundisha kwamba kuchekesha ni rahisi kuliko kuandika jina lako chini ya jambo. Na kwamba soksi za pamba zinatoa nyuzi.

Siku yangu ya mwisho tulirudi kwenye lile shamba, ndege ikiwa na gurudumu jipya, na ngozi mpya iliyochuja mafuta mbele ya Mkuu mwenyewe. Macho yake yalikuwa yamepungua tena. Ilipopaa aliinamisha kichwa, akatega sikio.

"Zote mbili," alisema. "Unasikia? Zote mbili." Na kidole chake kikawa kinaifuata angani, sawasawa kabisa mahali ilipokuwa.

Kabla ya hapo, tuliposhuka garini, nilitafuta ule mfuko wa nailoni sikuuona. Juu ya ufito palikuwa na kitu cheupe, kirefu, kimekatwa kidoleni ili upepo upite, kimeshonwa mdomoni kwa waya mwembamba. Kilikuwa kimefuliwa, nadhani na Bibi, kikapigwa pasi kabisa. Mkuu aliwasha rimoti, akasimama mahali pake, akasubiri.

"Upepo, fundi?"

Nilitazama juu ya ufito, kisha nikasimama begani kwake.

"Soksi yangu inaelekea Meru, Mkuu," nikasema.

"Basi tupae kuelekea Lemara," akajibu.