Olrait ya Baba

Enzi zetu pale Rumonge, Mdachi angali mwenye amri, Kiingereza chote cha mtaa wetu kilikuwa neno moja tu, nalo lilikuwa mali ya baba. Alikuwa ametia kuni kwenye meli ya Waingereza huko kusini mwa ziwa, akarudi na shuka mbili na "olrait". Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wakikauka vizuri, olrait. Chungu kikivunjika, olrait. Jirani akifiwa, baba anatikisa kichwa polepole: olrait. Nilimwuliza mama maana yake. "Uliza mwenye nayo," akasema, na mwenye nayo akanijibu olrait.

Basi dada yangu Zuhura akaposwa na Ramadhani, msuka nyavu wa Gatete. Tulilala mkeka mmoja, kwa hiyo nilijua alivyompenda. Alinichosha kwa habari zake. Desturi yetu ilikuwa mshenga alete mzigo wa chumvi ya Uvinza, auweke kizingitini. Ukiingizwa ndani, binti ametolewa. Ukiachwa, mshenga aurudishe alikoutoa. Mshenga wa Ramadhani alipouweka wake, baba alimsikiliza mpaka mwisho, akapapasa ndevu, akasema, "Olrait." Kisha akashika tasbihi, akafumba macho.

Mshenga akamtazama mama, mama akaitazama chumvi. "Tuingize ao tuache?" akanong'ona. Nani angemkatiza mtu kwenye tasbihi? Hapo mvua ikavuka ziwa kutoka milima ya ng'ambo. Mshenga akibeba mzigo, posa imevunjika, asipobeba, unayeyuka.

"Mama, chumvi iko inalowa!" mshenga akalia, lakini hakuinama. Mimi nililia tu, bila kujua nalilia nini.

Zuhura akatoka jikoni mbio, akajitwisha mzigo, akaingia nao ndani.

"We mutoto, hauna haya?" mama akapiga ukelele. Binti kujiingizia posa yake! Baba akafumbua macho, akamtazama mwanawe, asiseme neno, hata lile lake. Harusi ikafungwa, na majirani wakatucheka mwaka mzima.

Siku hizi wajukuu wetu wana Kifaransa tele, ukiwauliza jambo wanakumwagia maneno kumi na bado hujui wamekubali nini. Chumvi wananunua dukani, imefungwa vizuri, haina maana yoyote. Nayatamani mambo yetu yale, ingawa sikuyaelewa.

Mpaka leo sijui kama baba alikubali au alikataa. Zuhura naye hakujua. Tukiwa wazee nilimwuliza kwa nini hakungoja baba amalize tasbihi, kisha amwulize vizuri.

"Ningemuuliza, mudogo wangu," akasema, "labda angenijibu."