Eme, Yaani Aliyependwa

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kutoka Al Amerat, Omani, kuambiwa kwamba shoga yangu wa ujanani amefariki, na kaburi limeshafukiwa. Wajukuu wanamlilia Bibi Habiba, na majirani wengi wa huko hawakujua jina jingine. Mimi nililijua lile la kwanza, alilopewa na mama yake, Mngazija aliyejifungulia Majunga, huko Bukini, yaani Madagaska, enzi za Wafaransa. Aimée. Hutamkwa "Eme", na maana yake ni aliyependwa. Wafaransa huwapa hata wanaume jina hilo. Sikio halisikii tofauti, ni herufi moja tu katika maandishi. Mama yake alikuwa ameshazika watoto wawili, na mkunga wa Kifaransa aliyempokea huyu wa tatu ndiye aliyelitaja. Mama akalipenda, akalishika. Baadaye wakahamia Unguja, na huko ndiko tulikojuana.

Sisi wawili tulifika Mutrah, bandari ya Omani, baada ya mapinduzi ya Unguja, kila mmoja na hofu yake kifuani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mlango ukigongwa mchana kweupe tuliruka, na Kiswahili tulikisema kwa kunong'ona. Mgeni aliulizwa kila mahali ni wa kabila gani na nani anamjua. Mwenzangu alikuwa ameolewa na kijana wa Kiomani aliyelelewa na ami yake Unguja, lakini mama mkwe hakuwahi kuvuka bahari, wala hakujua neno la Kiswahili. Shoga yangu aliogopa kwamba bibi huyo akisikia jina la Kinasara atamrudisha alikotoka, na huko hakubakiwa na mtu. Kabla hatujashuka chomboni akajiita Habiba, ambalo kwa Kiarabu lina maana ile ile.

Kisha ukamjia uchungu wa mtoto wa kwanza, mumewe yuko kazini Kuwait, nami nakaa naye pale kwa mama mkwe. Tangu alfajiri hadi adhuhuri mtoto hakuteremka. Mama mkwe akamleta mwanamke msomaji wa dua aje amwombee. Msomaji akataka jina la mgonjwa. "Habiba," alijibu mama mkwe. Mwenzangu akanikamata mkono hata kucha zikaniingia.

"Shoga, si mimi huyo," alininong'oneza. "Dua itanipita. Nnakufa! Waambie."

"Na wakikufukuza?"

"Waambie!"

Mama mkwe akanigeukia. "Anasema nini?"

Nikasema kwa Kiarabu changu kibovu kwamba huyu anaitwa Eme, ni Mwislamu mtoto wa Mwislamu, jina ni la Kifaransa na maana yake ni aliyependwa. Mama mkwe alimtazama mkwewe muda mrefu, nami nikawa najiuliza tutambeba vipi, hali ile, na tumpeleke kwa nani. Hatimaye akamwambia msomaji, "Soma yote mawili. Mola anamjua mja wake."

Alasiri akazaliwa mtoto wa kike, mwili umegeuka buluu. Alichelewa kulia, kisha akalia. Lakini hofu haikutoka nyumbani mle. Siku nyingi mama mkwe hakumwita mwenzangu kwa jina lolote. Alisema "wewe" tu. Shoga yangu akafunga nguo zake furushi, akaliweka nyuma ya mlango, akingoja kuambiwa aondoke. Hata asubuhi moja mama mkwe, akiwa juu ya paa na majirani wakianika nguo, akapaza sauti: "Ya Imi! Mtoto analia!" Jina alilivunja, lakini alilisema, na watu wakasikia. Mwenzangu alikaa chini pale pale jikoni, hawezi hata kupanda ngazi. Mimi ndiye niliyemfuata mtoto.

Mwaka wa sabini sultani mpya alitangaza kuwaita walio nje warudi, na nchi ikafunguka. Ndugu zetu wakaja, wakaingia maofisini na hospitalini, na Kiswahili kikasikika sokoni bila kunong'onwa. Hata hivyo wengi walibaki na majina waliyoyavaa kwa hofu, na watoto wao hawajui kama kulikuwa na mengine. Siwalaumu, hofu ikishaingia mifupani haitolewi na tangazo. Ninachowaomba wasomaji wangu ni kimoja. Mgeni akikuficha jina lake, usiharakishe kumwita mwongo. Pengine anakupima kama kwako kuna salama. Kabla hujamuuliza ni wa nani, muulize jina lake lina maana gani, kisha unyamaze umsikilize.