Laptop Iliyokwaruza Kasida ya Shangazi

Shangazi yangu amewaimbia mabinti wa watu tangu mimi sijazaliwa. Mtaani kwetu Bagamoyo, bibi harusi akitolewa ndani, yeye ndiye anayeanza kasida na wanawake wengine wanaitikia. Basi ilipofika zamu ya binti yake mwenyewe, shangazi akavunjika mguu! Harusi ilikuwa Lugoba, kwa baba mkubwa wa bibi harusi, ambaye ndiye walii wake wa kumwozesha, na daktari alikwisha kukataza safari. Shangazi alilia siku mbili. Asubuhi ya harusi akanipigia simu.

"Wewe si una laptop? Njoo unirekodi. Mguu ubaki, sauti iende."

Nilikwenda mbio. Kujifanya fundi ni ugonjwa wangu wa zamani. Nikaweka laptop juu ya stuli, nikachomeka maiki, shangazi akaimba ubeti mmoja, nikabonyeza tusikilize. Lo! Sauti inakwaruza krr, krr, utadhani mtu anakaanga dagaa. Mara inakatika kabisa, mara inarudi. Shangazi akanitazama.

"Huyo ndiye mimi?"

Gari la Lugoba lingenipitia baada ya sala ya adhuhuri, na saa nne ilikwisha kupita. Nikazima intaneti. Nikafunga kila programu niliyoiacha wazi tangu Ramadhani. Nikachomeka chaji, maana laptop ikitumia betri hujibania nguvu. Mkwaruzo ukapungua kidogo tu. Nikaitukana ile mashine kimoyomoyo, kwani mbele ya shangazi mtu hatukani kwa mdomo. Mwishowe nikakumbuka kwamba ndani ya programu ya kurekodi kuna mahali pa kupanga sauti kiasi gani iwekwe akiba kabla ya kushughulikiwa. Akiba ikiwa ndogo, mashine huzidiwa ikadondosha vipande. Nikaiongeza mara nne.

"Haya shangazi, imba yote."

"Siimbi huku nakodolewa macho. Toka nje."

Nikatoka, nikasimama barabarani kuwazuia bodaboda wasipige honi.

Niliporudi na kuvaa hedifoni, moyo uliniruka. Safi! Hakuna mkwaruzo hata mmoja! Nikapiga kigelegele peke yangu. Lakini baada ya kila mstari sauti ilikuwa bado inakatika, kimya cha sekunde kadhaa. Mimi nishindwe na mashine? Nikakata kimya cha kwanza, nikakata cha pili, nikaendelea hivyo mpaka mistari yote ikashikana. Kisha nikampa shangazi hedifoni, nikakaa kungoja sifa.

Alisikiliza, uso ukambadilika.

"Wanawake wako wapi?"

"Wanawake gani, shangazi?"

"Wanaoniitikia! Nimewaachia nafasi yao, wewe umewaziba midomo. Mimi nimeanza lini kuimba peke yangu?"

Aibu niliyoiona! Mtoto wa kasida mimi, nimeitikia nyuma yake tangu utotoni, lakini siku ile masikio yangu yalikuwa ya fundi. Honi ikalia nje. Nikaanza kuirudisha kazi nyuma, mkato mmoja mmoja, mpaka nafasi zote zikarudi mahali pake. Nikahifadhi, nikambusu mkono, nikatoka mbio huku kanga inanidondoka.

Lugoba niliunganisha laptop na spika kubwa. Bibi harusi akatolewa, shela usoni, kichwa chini, maana kwetu bibi harusi siku hiyo hainui macho wala hafungui mdomo. Nikabonyeza. Sauti ya shangazi ikajaa ua mzima, mstari wa kwanza, haijakwaruza hata kidogo, nami nikataka kuruka kwa furaha. Kisha kimya. Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyejua kama mashine nayo huitikiwa, na mimi niliyeileta nikasahau kabisa kufungua mdomo.

Aliyeitikia alikuwa bibi harusi. Chini ya shela, kwa sauti nyembamba, peke yake. Somo yake, yule mama aliyemfunda, akamfinya mkono anyamaze. Hakunyamaza. Mstari wa pili tuliitikia wote.